Mama wa Tanzania anataka gauni la sikukuu, mama wa Kenya anataka sweta ya shule. Nani hapa anapenda vitu zaidi?

#1 DukaMpakani
Salaam wakuu.

Nina duka la nguo za watoto Namanga, upande wa Tanzania, huu ni mwaka wa tisa. Wateja wangu wanatoka pande zote mbili, napokea shilingi zao na zetu. Kuna jambo naliona kila Desemba na mwaka huu limenikaa kichwani.

Mama wa kwetu, wa Longido au Arusha, anakuja amemshika mtoto mkono. Anataka gauni la kuchanua lenye pettikoti, soksi za lesi, viatu vya kung'aa, na kibanio cha nywele cha rangi ileile. Mtoto anavalishwa palepale, anageuzwa mbele na nyuma. Nikimshauri achukue kubwa kidogo, ananikatalia: "Hii ni ya sikukuu, dada, simnunulii ya mwakani."

Mama wa upande wa pili, wa Kajiado au Kitengela, anakuja bila mtoto. Mkononi ana kamba yenye mafundo matatu: fundo la mkono, fundo la kiuno, fundo la mguu. Anataka sweta ya kijani na viatu vyeusi, namba moja juu ya ile ya sasa. Gauni analishika, analitazama mshono, analirudisha kwenye hanga.

Tukipiga soga, huyo huyo anatucheka kwamba sisi hatujui pesa, tunafunga maduka sikukuu. Na sisi tunasema Mkenya pesa mbele, hata Krismasi saa sita mchana kishafungua. Sasa nani anayependa vitu? Anayemaliza akiba kwa gauni la siku moja, au anayeipita sikukuu kwa sababu ya pesa? Na tofauti hii imetoka wapi, wakati mpaka wenyewe ni hatua chache kwa miguu?

Walioishi pande zote mbili nawasubiri zaidi.

#2 Kibosho Juu
Naweka kambi hapa. Nikitoka kazini narudi na maelezo marefu.

#3 Kuku wa Ushago
Mimi ni Mkenya, wa Kakamega, nafanya kazi Nairobi. Dada, jibu lako ni neno moja: karo.

Shule za msingi za serikali zilifutiwa karo 2003, na sekondari za kutwa zikafuata 2008. Lakini mzazi wa kwetu ndoto yake ni sekondari ya bweni, na bweni linalipiwa. Ile orodha ya vitu ni ndefu kuliko mkono: godoro, sanduku la bati, blanketi, sare mbili, viatu. Januari tunaiita Njaanuari na hatutanii. Huyo mama wa kamba anaiona Januari imesimama mlangoni kwako.

Nyinyi mlifutiwa ada mpaka kidato cha nne mwaka 2016. Mna nafasi ya kununua pettikoti.

#4 Mama Pacha
#3 umesema kweli nusu. Ada ilifutwa, sare haikufutwa. Daftari, mchango wa chakula, dawati, vyote vipo. Mwenye uzi atuambie, hao mama wa gauni sare wananunua lini?

#5 DukaMpakani
Mama Pacha umenigusa penyewe. Wanarudi kati ya tarehe 3 na 8 Januari, na wengi wanakuja kukopa. Nina daftari la madeni. Mwaka huu ukurasa wa Januari una majina 31, na majina 20 na kitu kati ya hayo ni ya watu walionunua gauni kwa pesa taslimu Desemba. Wananunua kilekile, kinachotofautiana ni kipi kinatangulia.

#6 Fundi Saa
Basi jibu limepatikana. Mkenya anapanga, Mtanzania anafurahi kwanza. Ujamaa na ubepari. Zamani watani wa kwetu walikuwa wanasema Kenya mtu anamla mtu, na Wakenya wanajibu Tanzania mtu hana cha kula. Tulifundishwa kwamba kulimbikiza ni dhambi, kwa hiyo pesa ikija tunaila pamoja.

#7 Mwalimu Mstaafu
Fundi Saa, usirukie Azimio la Arusha kabla ya kuuliza watu walivaa nini.

Mimi nimezaliwa Same mwaka 1968. Mpaka na Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Piga hesabu: nilikuwa na miaka tisa ulipofungwa, kumi na mitano ulipofunguliwa. Utoto wangu wote wa nguo za sikukuu uko humo ndani. Katikati yake kuna vita ya Kagera. Sukari foleni, sabuni foleni, kitambaa foleni.

Krismasi ya 1981 baba alipata mita nne za kaki kwenye duka la ushirika. Tulishonewa kaptula watoto watatu wa kiume, kitambaa kimoja, na kilichobaki kikawa mfuko wa kwendea dukani. Sabuni na mafuta ya Kimbo vilitoka Taveta kwa njia za panya, usiku. Ilipokuja operesheni ya wahujumu uchumi mwaka 1983, msako wa walioficha au kuvusha bidhaa, mama alichukua miche miwili ya sabuni akaifukia chini ya majivu, jikoni, akapika juu yake wiki nzima. Sabuni za kufulia nguo zetu wenyewe! Nakumbuka uso wake kila mgeni alipobisha hodi.

Nilipopata watoto, sikukuu hata moja haikupita bila nguo mpya. Nilikopa, nikakatwa mshahara, nikanunua. Sikuwa napenda vitu. Nilikuwa naivalisha kaptula ile ya kaki nguo mpya, kila mwaka, kupitia miili ya watoto wangu. Hao mama wa Longido wamelelewa na watu wa rika langu.

#8 Kuku wa Ushago
Mwalimu, shikamoo. Hiyo ya sabuni chini ya majivu nimemsomea mke wangu.

#9 mtoto_wa_Likoni
Nyote mnazungumza kana kwamba mpaka wa nchi ndio mpaka wa mila. Njooni Pwani mwone.

Mimi ni Mkenya wa Likoni. Idi yetu na Idi ya Tanga ni moja, na ya Unguja ni hiyohiyo. Nguo mpya lazima, kanzu na kofia kwa mvulana, na msichana anapakwa hina usiku wa kuamkia. Mama yangu hajawahi kusikia habari za ujamaa, na kuna mwaka aliuza bangili ili tuvae. Ukivuka Horohoro hutaona tofauti yoyote ila rangi ya sare ya polisi. Utofauti mkubwa uko kati ya Mombasa na Nairobi, ndani ya nchi moja.

Sheria tu ndizo zinatutenga. Kwenu Maulidi ni sikukuu ya taifa, kwetu sio, ingawa Lamu watu wanatoka nchi nyingi kuja kuisoma. Idi ya kuchinja kwa sheria yetu ni mapumziko ya Waislamu, na miaka mingine serikali inatangaza iwe ya wote.

#10 Fundi Saa
Kwa hiyo ni dini?

#11 mpemba_wa_wete
Asalaam aleikum.

Fundi Saa, si dini peke yake, lakini dini imeweka jambo ambalo hamjalitaja. Kabla mtu hajaenda kuswali Idi ameshatoa zaka ya fitri, pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani kwake, hata cha mtoto mchanga. Maana yake siku ile jirani asiwe na njaa. Sikukuu inaanzia kwenye chungu cha mwenzio, ndipo uje kwenye nguo yako.

Halafu kuna mkono wa Idi. Baba yetu Wete alikuwa akivunja noti kuwa sarafu wiki moja kabla, anazitia kwenye kopo la maziwa. Asubuhi ya Idi Mosi kopo linakaa karibu na mlango. Watoto wa mtaa mzima wanakuja, "mkono wa Idi!", na kila mmoja anapewa sawasawa, awe wa tajiri au wa mvuvi. Jioni tunachukuliwa Tibirinzi, Chake, tunazimaliza kwa pembea na vitu vitamu. Sisi Idi ni siku nne, na mwenye uwezo anabadilisha nguo kila siku. Sisi tulikuwa na moja moja. Mama anaifua usiku, anaitundika juu ya moto wa jiko ikauke, asubuhi inapigwa pasi ya mkaa, Idi Pili tunatoka nayo tena. Ilikuwa na harufu ya moshi. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi kwenye nguo nafurahi.

Je, huko ni kupenda vitu? Tulikuwa na kitu kimoja tu, na tulikipenda kweli.

#12 Dereva wa Lori
Napita Namanga, Busia, Malaba, Rusumo, miaka kumi na saba barabarani, kwa hiyo sikukuu nyingi zimenikuta safarini.

Nikiambiwa nichague sikukuu isiyo na duka ndani yake, nataja Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni. Watu wanatembea kwa miguu siku hata wiki, wengine wanatoka Kenya na Tanzania, kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto mwaka 1886. Nimewapakia njiani wakakataa lifti. Wamekataa! Mama wa miaka sitini, miguu imevimba, ananiambia, "Asante mwanangu, nimeahidi kutembea." Amebeba kidumu kidogo cha maji na mkeka, basi. Ukifika pale wauza rozari na fulana wapo, siwezi kusema uongo, lakini waliotembea huwatambua kwa vumbi.

Haohao Waganda Desemba wanajaza mabasi kwenda vijijini na magunia ya mchele, soda na nguo za watoto. Kwa hiyo msigawe watu kwa nchi. Gaweni kwa sikukuu.

#13 Kibosho Juu
Nimerudi.

Najua mnatusubiri sisi Wachaga, maana Desemba ikifika Dar inabaki nyeupe na lawama zote zinapanda mlima. "Wachaga wanakwenda kujionyesha." Nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Wacha nieleze kinachotokea nyumbani kwetu, halafu mhukumu.

Kihamba chetu kina migomba, kahawa, na makaburi ya babu na bibi yapo hapohapo, hatua kumi kutoka mlangoni. Huwezi kusherehekea mahali pengine kwa sababu wenyeji wa sikukuu ni hao. Tarehe 24 tunafyeka, tunafagia makaburi. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe: cha mzee wa ukoo, cha shangazi, cha aliyechinja. Ukikosea kugawa utasikia habari zake miaka kumi. Nyama ile ni cheti cha nani ni nani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inazungushwa kwenye kata moja. Na kama ndugu wawili wamegombana, mmoja anampelekea mwenzake jani la sale, na mwenye kupelekewa sale hawezi kukataa kusamehe. Nimeona kesi ya shamba iliyokaa mahakamani miaka ikamalizwa tarehe 27 Desemba chini ya mgomba.

Sababu nyingine ni kahawa. Mavuno yanaanza Julai yanakwenda mpaka mwisho wa mwaka, na babu zetu walijiunga kwenye ushirika mapema, KNCU ni ya 1933. Pesa ya kahawa ndiyo iliyonunua nguo na kulipa shule. Desemba ilikuwa mwezi wa mfuko kuwa na kitu, na shule zimefungwa. Mila imekaa juu ya kalenda ya shamba.

#14 Fundi Saa
Kibosho, nakuheshimu, lakini hujasema lolote kuhusu magari ya kukodi. Nina gereji Moshi pia. Kila Desemba naletewa magari ambayo mwenye nayo hajui hata boneti inafunguliwa wapi.

#15 Kibosho Juu
Nalisema, silikimbii. Binamu yangu alikodi gari siku nane, akakopa kwa ajili hiyo. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba mwaka uliotangulia alikuja na basi, mjomba akamuuliza mbele ya watu, "Na wewe huko mjini unafanya nini hasa?" Hakulala usiku ule.

Nauli nayo ilikuwa ya kuumiza. Basi alilopanda lilimtoza zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi, na alisimama mpaka Segera.

Sasa mwenye kupenda vitu ni nani hapo? Binamu aliyekodi gari, au mjomba aliyemfanya mtu ajione si kitu bila gari? Mimi lile swali la mjomba linaniuma zaidi kuliko mkopo.

#16 Mama Pacha
Hapo #15 umegusa kidonda. Wengi hawaendi nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Wanatuma pesa "na ya kutolea", wanasema kazi zimebana. Simu imerahisisha kutuma na imerahisisha kukimbia.

#17 Kuku wa Ushago
Mama Pacha nakubali asilimia mia. M-Pesa ilipoanza kwetu 2007 tulisema sasa wazazi watapata msaada. Wamepata. Lakini baba yangu aliniambia mwaka juzi, "Pesa yako nimeiona, mikono yako sijaiona."

Na kuhusu 2007, wacha niseme na hili. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27 Desemba, kwa hiyo tulikuwa ushago, yaani kijijini, kwa Krismasi na kwa kura. Baadaye vurugu zikazuka, barabara zikafungwa, tukakwama. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Unga ulipanda bei, mafuta ya taa yakapotea. Tulikula kuku wote waliokuwa wamepangiwa Krismasi mbili. Nilirudi Nairobi Februari. Tangu hapo sinunui kitu cha sikukuu kabla sijaweka gunia la mahindi. Kwa hiyo dada wa #1 ukiona Mkenya anaogopa Januari, mwingine haogopi karo.

#18 DukaMpakani
Pole sana ndugu yangu. Sikuwahi kuifikiria hivyo.

#19 Kahawa Chungu
Ongezeni na matangazo. Nimekaa Nairobi miaka sita na Dar miaka minne. Nairobi kuanzia Novemba simu haitulii: punguzo la Ijumaa hii, punguzo la Ijumaa ile, Black Friday, neno la Marekani, linatangazwa kwa mtu ambaye hana Shukrani ya Novemba wala bata mzinga. Jumia, duka la mtandaoni, ndio waliolitia nguvu. Huku kwetu Jumia walifunga 2019, na mtu wa Dar bado anakwenda Kariakoo kwa miguu yake, anapatana bei, anabeba.

Ndiyo maana nasema kupenda vitu kwa Nairobi ni kwa mwaka mzima, kidogo kidogo, na kwetu kunalipuka mara mbili, Idi na Krismasi. Jumla yake huenda ni ileile.

#20 Fundi Saa
Lakini serikali yetu ilionyesha njia. 2015 Magufuli alifuta sherehe za Uhuru tarehe 9 Desemba, watu wakashika mifagio, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Nani mwingine jirani alifanya hivyo?

#21 Mwalimu Mstaafu
Kweli, na nilifagia siku ile mtaani kwetu, nikafurahi. Ila hiyo ilikuwa sherehe ya uwanjani, ya gwaride. Siku kumi na sita baadaye, Krismasi, watu walinunua gauni zao kama kawaida. Tusichanganye mfuko wa serikali na mfuko wa mama.

Na tukitaka mfano wa sikukuu za serikali, tazameni Saba Saba. Kwetu ilianza kama siku ya kuzaliwa TANU, 7 Julai 1954, ikawa ya wakulima, kisha wakulima wakahamishiwa Nane Nane na Saba Saba ikabaki ya biashara. Leo ukimwambia mtoto wa Dar "Saba Saba" anafikiria uwanja wa Barabara ya Kilwa, masufuria, majiko na aiskrimu.

#22 mtoto_wa_Likoni
Mwalimu, hapo umenishtua. Kwetu Saba Saba ni 7 Julai 1990, watu walitoka kudai vyama vingi, wakapigwa, wengine wakafa. Mpaka leo kuna miaka tarehe hiyo ikifika Nairobi maduka yanateremsha milango. Jina moja, lugha moja, tarehe moja. Nyinyi mnakwenda kununua sufuria, sisi tunakwenda kudai haki au tunajifungia ndani.

#23 Kahawa Chungu
Na sikukuu zao zinabadilishwa majina. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa siku ya Moi, ikawa Utamaduni, tangu 2024 ni siku ya Mazingira, watu wanapanda miti. Nasikia na Boxing Day walishaifuta.

#24 Kuku wa Ushago
Haikufutwa. Ilipewa jina la Utamaduni mwaka 2020, kisha jina hilo likahamia Oktoba na Boxing Day ikarudi. Mapumziko yenyewe hayakuguswa. Na sikukuu ikiangukia Jumapili tunapumzika Jumatatu kwa sheria, kwa hiyo hiyo habari kwamba Mkenya hapendi kupumzika ipunguzeni.

#25 Mama Pacha
Nataka turudi kwa watu. Nimesita kuandika hili.

Bibi yangu alikaa Bukoba, kijijini, na kila Krismasi wajukuu wa mjini tulimpelekea kitenge. Kila mwaka. Na kila mwaka tunamkuta amevaa vilevile viwili vya zamani, vimepauka. Tulikasirika. Shangazi alimwambia mbele yetu, "Mama unatuaibisha, watu watasema hatukuvishi." Akacheka tu, akaendelea kumenya ndizi.

Alipofariki tulifungua sanduku lake. Vitenge 14, havijawahi kufunuliwa, vimekunjwa kwa mkunjo wa dukani. Kila kimoja kimefungwa kwa uzi wa mgomba na ndani ya uzi kuna kikaratasi. Ameandika kwa penseli jina la aliyeleta na mwaka. Bibi alisoma mpaka darasa la nne. Vyangu vilikuwa vitatu. Miaka ambayo sikwenda, nikatuma pesa, hakukuwa na kitu.

Sijui alikuwa anavipenda vile vitenge au alikuwa anatupenda sisi. Nimekaa na swali hilo miaka mitano.

#26 mpemba_wa_wete
Mungu amrehemu bibi. Naona alikuwa anaandika mahudhurio.

#27 Fundi Saa
Pole Mama Pacha. Mimi naona aliogopa kuvimaliza. Watu waliopita kwenye shida, kama alivyosema Mwalimu, kitu kipya hawakivai, wanakitunza kwa siku mbaya zaidi. Mama yangu ana seti ya vikombe vya 1987 ambavyo havijawahi kuona chai.

#28 Kibosho Juu
Siafiki, Fundi. Anayetunza kwa siku mbaya haandiki jina la aliyeleta. Angeandika bei.

#29 Mama Pacha
Bei hakuandika.

#30 Dereva wa Lori
Nimeegesha Holili nasoma uzi huu. Mwaka huu narudi nyumbani tarehe 23. Nilikuwa nimepanga kubeba mzigo wa mwisho wa mwaka, unalipa vizuri. Nimempigia bosi.

#31 DukaMpakani
Wakuu asanteni. Baada ya kusoma #7 na #17 nilimsubiri mteja wangu mmoja wa Kitengela, yule wa kamba yenye mafundo. Alikuja jana. Nikampa kiti, nikamuuliza bila kuzunguka: mama, miaka minne unanunua sweta tu, gauni unalishika unalirudisha, ni karo?

Akaniambia karo ipo, lakini si hiyo. Watoto wake wanakwenda ushago tarehe 23, na gauni la Krismasi hununua nyanya yao, yaani bibi yao. Anafuga kuku mwaka mzima kwa kazi hiyo, anauza, anakwenda sokoni mwenyewe, anachagua rangi mwenyewe. "Magauni yake yana rangi kali na hayawatoshi vizuri. Nikinunua mimi haya yako mazuri, nitakuwa nimemnyang'anya Krismasi yake." Anayashika ili ajue tu mshono wa kisasa ukoje, akamweleze fundi wa nyanya.

Miaka minne nilikuwa namhesabu kuwa mtu asiyesherehekea.

#32 Kuku wa Ushago
Kwetu Kakamega nyanya hanunui gauni, ananunuliwa yeye. Kwa hiyo bado sikubali kwamba hilo ndilo jibu la Wakenya. Lakini la huyo mama nimelikubali.

#33 Mwalimu Mstaafu
Na mama wa Longido je? Umewauliza wao kwa nini gauni linatangulia sare? Tumemsikiliza wa upande mmoja tu.

#34 DukaMpakani
Sijawauliza, Mwalimu. Wiki hii nawauliza, nitaleta majibu hapa.

#35 Mama Pacha
DukaMpakani, nina mapacha wa miaka sita, na safari hii tunakwenda Bukoba kwa shangazi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Gauni la zambarau la pettikoti unayo? Nataka mawili yanayofanana. Na kama una vitenge, kimoja.

#36 DukaMpakani
Ya zambarau yamebaki mawili ya miaka saba, yatawazidi kidogo urefu, fundi atayapunguza. Vitenge siuzi, ila jirani yangu anavyo, nitakuchagulia mwenyewe. Nakuwekea mpaka Ijumaa.

#37 Mama Pacha
Yaache na urefu wake. Ijumaa ndugu yangu anapita hapo, nitamtuma.